Uzoefu wangu: siku mbili kwenye magenge ya chaki ya Seven Sisters, kusini mwa Uingereza

Mara ya kwanza nilipelekwa kwenye magenge meupe ya Sussex na kampuni ya utalii ambayo sitaitaja, nikiwa ndani ya basi lililojaa watu, tukashushwa kwenye eneo la maegesho juu ya genge la Beachy Head na kuambiwa tuwe tumerudi baada ya dakika 20. Kutoka pale juu niliona majani, upepo, bahari ya Mfereji wa Uingereza na migongo ya watalii wenzangu, lakini genge lenyewe sikuliona, kwa sababu mtu aliyesimama juu ya genge ni kama aliyekaa juu ya paa akitaka kuutazama ukuta wa nyumba. Nilirudi London nikiamini kwamba sifa za mahali hapa zimetiwa chumvi. Maoni haya nayaandika ili kuisahihisha imani hiyo, kwani kasoro haikuwa ya mahali bali ya namna nilivyopelekwa.

Mwezi Juni 2025 mjomba wangu alikuja kunitembelea kutoka Tanga. Ni fundi mwashi mstaafu ambaye katika ujana wake alichoma chokaa ya matumbawe kwenye tanuu, na nilijua kwamba majumba ya kifalme yasingemshughulisha sana. Tulipanda treni kutoka kituo cha Victoria, tukabadilisha Lewes na kushuka Seaford, kisha tukapanda kilima cha Seaford Head kwa miguu. Kama unaweza kuchagua mahali pamoja tu pa kusimama, basi chagua upande wa mashariki wa kilima hicho, juu ya nyumba ndogo za zamani za walinzi wa pwani, maana hapo ndipo magenge yote yanapoonekana kwa pamoja ng'ambo ya mlango wa mto Cuckmere: mawimbi ya ardhi ya kijani yaliyokatwa wima kama mkate, huku sehemu iliyokatwa ikiwa nyeupe kiasi cha kuumiza macho. Jina la magenge haya, Seven Sisters, maana yake ni dada saba, ingawa mwenye kuhesabu kwa makini atapata vilele vinane, kimoja kikiwa kifupi mno hata kikasahauliwa. Kilele kirefu kuliko vyote, Haven Brow, kina mita 77. Beachy Head, iliyo mbele zaidi kuelekea Eastbourne, ina mita 162 na ndilo genge refu kuliko yote ya chaki yaliyo kando ya bahari nchini Uingereza, lakini kwa macho yangu haifikii nusu ya uzuri wa hawa dada.

Usidanganyike na ramani ukadhani kwamba unaweza kuvuka mto pale mdomoni. Hakuna daraja. Inabidi kufuata bonde hadi Exceat, ambako kuna daraja, kituo cha basi na vyoo. Basi namba 12 liendalo kati ya Brighton na Eastbourne hupita hapo, na nauli ya safari moja wakati tulipokwenda haikuzidi pauni 3. Kiingilio hakuna, kwa kuwa eneo lote ni sehemu ya hifadhi ya taifa ya South Downs. Anayelipa ni mwenye gari, kwa ajili ya maegesho. Sisi tulishuka basini kwenye kijiji cha East Dean na kuteremka taratibu hadi Birling Gap, ambako ngazi ya chuma humfikisha mtu ufukweni.

Hapo ndipo mjomba alipopata alichokuja kukitafuta. Alisimama mbali kidogo na ukuta, akaokota pande la chaki lililokuwa limeanguka, akalisugua kwa kidole gumba, akalionja kwa ncha ya ulimi kama afanyavyo fundi, akasema, "Mjomba, hii ni chokaa ambayo haijaona moto." Hakukosea. Chaki hii na matumbawe yaliyojengea misikiti ya Kilwa ni kemikali ile ile, kalisi kaboneti, tofauti ikiwa ni kiumbe aliyeitengeneza. Kwetu ni matumbawe. Huku ni magamba ya mwani wadogo wasioonekana kwa macho, waliokufa na kutuama chini ya bahari yenye joto katika zama za dinosaria, sentimita chache tu kwa kila miaka 1,000, kwa mamilioni ya miaka. (Chaki za ubaoni tulizorushiana shuleni, kwa taarifa ya wenzangu, aghalabu hutengenezwa kwa jasi, wala hazina undugu na mlima huu.) Ukutani mmepita mistari myeusi ya mawe magumu, nayo mjomba aliyatambua mara moja kuwa ni gumegume, yale yale yaliyokuwa yakitoa cheche kwenye bunduki za wazee. Yametokana na silika (madini yale yale yaliyomo kwenye mchanga na kioo), ambayo sehemu yake kubwa ilitoka kwenye mifupa ya sifongo wa bahari hiyo ya kale. Chaki inaposagwa na mawimbi ikawa maziwa na kupotea, gumegume hubaki, na ndiyo maana ufukwe wote ni wa kokoto zinazoteleza na wala si mchanga. Viatu vya wazi havifai kabisa.

Swali aliloniuliza mjomba ndilo ambalo mgeni yeyote angepaswa kujiuliza: kwa nini ukuta huu ni mweupe hivi, ilhali mawe ya kwetu yaliyo kando ya bahari hugeuka meusi kwa kuvu na majani? Jibu ni kwamba hauachwi ukazeeka. Bahari hula sehemu ya chini, sehemu ya juu hubaki inaning'inia, kisha huporomoka na kuacha uso mpya. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2016 walikadiria kwamba magenge ya Sussex Mashariki yamekuwa yakirudi nyuma kwa sentimita 22 hadi 32 kila mwaka katika miaka 150 iliyopita, ilhali kwa maelfu ya miaka kabla ya hapo yalirudi sentimita 2 hadi 6 tu. Pale Birling Gap huhitaji takwimu, kwa maana safu ya nyumba za zamani inaishia ukingoni kana kwamba mtu ameikata kwa msumeno. Nyumba kadhaa zilikwisha kubomolewa kabla hazijaanguka. Kama kilomita moja mashariki, mnara wa zamani wa taa wa Belle Tout ulisukumwa mzima mzima juu ya reli mwaka 1999, mita 17 kuelekea bara.

Kwa hiyo onyo langu ni kali kuliko la vibao vilivyopo, ambavyo ni vichache na vidogo. Wiki mbili baadaye nilirudi peke yangu na kutembea juu ya vilele vyote kutoka Exceat hadi Birling Gap, mwendo wa saa mbili na ushei wa kupanda na kushuka, mzuri sana kwa mwenye magoti mazima. Hakuna uzio. Niliwaona vijana wameketi ukingoni wakining'iniza miguu, bila kujua kwamba chini ya makalio yao huenda hamna kitu. Mwaka 2017 mwanafunzi kutoka Korea Kusini alianguka hapa na kufa alipokuwa akiruka juu ili apigwe picha. Mimi niliweka hatua kumi kati yangu na ukingo, na picha zangu hazikupungua chochote.

Ufukweni nako kuna hatari yake. Tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua hukaribia mita 6, zaidi ya tulivyozoea kwetu, na kati ya Birling Gap na mlango wa Cuckmere hakuna pa kupandia. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mara mbili: tazama kwanza ratiba ya maji, shuka yakiwa yanapwa, na usikae karibu na ukuta hata kama kuna kivuli. Piga simu kabla au tazama matangazo, kwani ngazi hufungwa mara kwa mara kwa ajili ya usalama.

Mahali penyewe napapa alama 9 kati ya 10. Huduma nazipa 5, kwa sababu mkahawa wa Birling Gap ulikuwa na foleni ya dakika 40 siku ya Jumamosi na chai iliyotolewa ilikuwa vuguvugu. Beba maji, beba chakula, beba koti hata kama London kuna jua.

Mjomba alikuwa ametia jiwe moja la gumegume mfukoni. Nilipomwambia kwamba sheria ya huku hairuhusu kuchukua kokoto za ufukweni, alilirudisha pale pale alipoliokota, akalielekeza upande ule ule lililokuwa limelalia. Vumbi jeupe lilibaki mikononi mwa koti lake mpaka tukafika Victoria, wala hakukubali nilipanguse.