Apu ya kujifuatilia aliyopewa mdogo wangu baada ya saikosisi: nyota tatu na nusu, na hiyo nusu ni ya nesi

Jamani naandika hii nikiwa Leicester, Uingereza. Mdogo wangu ana miaka 22, mwaka jana alichanganyikiwa vibaya, kwa lugha ya hospitali wanaita saikosisi ya mara ya kwanza, kwa lugha ya mama huko Tanga ni majini, na mie nimeshachoka kubishana na mama kwenye simu kwahiyo hapa ntaongelea apu tu.

Kwa wasiojua, huku kuna timu maalum za kuuwahi huu ugonjwa ukiwa bado mbichi, maana mtu akikaa muda mrefu bila tiba ndo inakuwa kazi kumrudisha. Lengo la NHS, yaani huduma ya afya ya serikali huku, toka Aprili 2016 ni mtu akipelekwa kwao aanze matibabu ndani ya wiki 2, halafu wanakuwa nae kama miaka 3 hivi. Sasa timu yake ndo ikampa hii apu, bure. Asubuhi na usiku inamuuliza amelalaje, moyo ukoje, kama amesikia sauti, kama anawashuku watu, anabonyeza namba 1 mpaka 7. Kuna sehemu ya kuandika, na ukurasa wa dalili za mwanzo pamoja na watu wa kuwapigia.

Tuanze na madudu. Siku ya pili tu yuko kwenye basi, simu iko mapajani, ujumbe ukatokea juu ya skrini hata hajaifungua: leo umesikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Mama wa pembeni kasoma, kahamia siti nyingine. Dogo kafika nyumbani kaifuta. Nesi wake alivyokuja akatuonyesha pa kuzimia ule ujumbe, dakika moja haijaisha, sasa mie nauliza, kwanini isije ikiwa imezimwa toka mwanzo? Waliotengeneza hawakumfikiria mtu anapanda basi?

Halafu kuna hili la eneo. Mtu ugonjwa wake wenyewe ni kuamini anafuatiliwa, unampa apu ambayo kitu cha kwanza inaomba ruhusa ijue yuko wapi! Aliniambia dada, hii simu inanichunguza, akaibandika plasta kamera. Na kusema ukweli sikuwa na jibu, maana simu zetu si kweli zinatuchunguza wote? Tukazima eneo, nesi akakaa nae mezani saa nzima akamuonyesha majibu yanaenda wapi na nani anayaona. Hapo ndo tukajua jambo ambalo lingeweza kutuua, kwamba usiku na wikendi hamna mtu anayasoma. Yeye alikuwa anaandika saa tisa usiku "sauti zimezidi" akidhani kuna mtu upande wa pili. Imeandikwa, eti, kule ndani kwenye masharti kwa herufi za sisimizi. Kama uko England na hali ni mbaya usiku piga 111 halafu chagua 2, au 999 kama ni hatari, usiiandikie apu.

Sasa uzuri wake, na uzuri upo. Ule ukurasa wa dalili unakuja na orodha yao, kukosa usingizi, kujitenga, mambo ya vitabuni. Dogo akafuta zote akaandika zake kwa Kiswahili: nikianza kuhesabu magari mekundu. Nikiacha chai nusu. Nikianza kuona shangazi ananisema. Nesi akauliza huyu shangazi ni nani, tukacheka mpaka basi, ila kuanzia siku ile na sisi nyumbani tukawa tunaangalia vikombe.

Februari usingizi ukaanza kushuka, masaa 7 kwa usiku, 6, 4, 3, 3, na kwenye apu ule mstari unauona unavyoporomoka. Sisi hatukujua kitu, yeye mwenyewe ndo alimuonyesha nesi siku ya miadi akasema ona. Dawa zikaangaliwa upya wiki ile ile na hakulazwa. Sisemi apu ndo ilimponya, nasema alikuwa na kitu cha kushika mkononi badala ya kukaa pale anasema niko poa, niko poa.

Ila bila mtu wa kuisoma haina maana kabisa. Wiki ya sita alishachoka, anabonyeza 4, 4, 4, 4 bila hata kusoma swali. Nesi alivyouliza ile nne ya Jumanne ilikuwa ya nini, ndo akarudi kujaza kweli. Na hata watafiti wenyewe hawana maajabu ya kutangaza. Kule Melbourne walijaribu mfumo unaitwa Horyzons kwa vijana 170, miezi 18, una wataalamu na vijana wenzao ndani yake, na kwenye kipimo kikuu, maisha ya mtu na watu wengine, haukupita huduma ya kawaida, ingawa waliokuwa nao walikimbizwa hospitali kwa dharura mara chache zaidi. Manchester nao walijaribu apu yao ya Actissist kwa wiki 12, watu 36 tu. Kwahiyo anaekuja kukuuzia apu ya saikosisi kama dawa, mwambie apite.

Nyota moja na nusu nimekata, moja ya lile basi, nusu ya lugha, maana maswali yote ni Kiingereza na dogo anasema sauti zake zinaongea Kiswahili cha Tanga, sasa akijibu kwa Kiingereza anaona kama anasimulia ya mtu mwingine.

Mama wiki iliyopita kaomba na yeye awekewe, ile ya usingizi tu. Majini hajayaacha.