Makao ya watoto waliovuka mpaka peke yao: nyota mbili na nusu kutoka kwa mjomba

Mpwa wangu alikaa siku 52 kwenye makao ya watoto huko Texas mwaka 2023, baada ya kushikwa kwenye mpaka wa Marekani bila mzazi. Ana miaka 15, ametokea Uvira, Kongo. Mimi niko Ohio, na ndiye niliyeomba kumchukua. Jina la makao silitaji. Ninayapa nyota mbili na nusu, ingawa waliomlea hawakuwa watu wabaya.

Kwanza haki yao niwape. Alitolewa mikononi mwa walinzi wa mpaka ndani ya saa 72, kama sheria ya Marekani ya 2008 inavyotaka. Siku ya pili daktari alishampima. Alisoma Jumatatu hadi Ijumaa, akacheza mpira kila siku, akala akashiba. Simu yangu iliita mara mbili kwa wiki, dakika kumi kila mara. Mambo haya si hisani. Mengi yameandikwa kwenye makubaliano ya mahakamani ya Flores ya mwaka 1997, kuhusu namna serikali inavyowatunza watoto wahamiaji inaowashikilia, ambayo yanataja hata saa moja ya mazoezi ya mwili kila siku.

Wiki ya tatu nikamwuliza, "Wanakuuliza kama kuna mtu anakusumbua?"

"Wananiuliza, mjomba. Kwa Kihispania."

Ukutani palikuwa na karatasi yenye namba ya kupiga mtoto akitendewa vibaya. Kiingereza na Kihispania, basi. Mkalimani wa Kiswahili alipatikana kwa simu mara moja kwa wiki, kwenye kikao na mshauri, mfanyakazi wa pale pale akiwa kakaa mezani. Mtoto angeanzaje kumsema mtu wa nyumba ile? Hakuwa na la kusema, namshukuru Mungu, lakini hilo nimelijua alipofika kwangu.

Nikaanza kuuliza nani anawakagua. Makao haya huendeshwa na mashirika yanayopewa fedha na ORR, ofisi ya wakimbizi iliyo chini ya wizara ya afya, iliyokabidhiwa watoto hawa mwaka 2003. Flores ilitaka makao yawe na leseni ya jimbo, ili wakaguzi wanaokagua makao ya watoto wengine wayafikie na haya. Mwaka 2021 gavana wa Texas, Greg Abbott, akaamuru leseni hizo ziondolewe. Kwa hiyo mpwa wangu aliingia nyumba ambayo mkaguzi wa jimbo hana tena kazi nayo. Ikabaki ORR, na ripoti ya 2020 ya GAO, wakaguzi wa Bunge, ilikuwa imeshaeleza kwamba ORR haikutimiza lengo lake yenyewe la kufika kila makao walau mara moja katika miaka 2. Miaka miwili! Mtoto anakaa wiki saba.

Mimi nilichukuliwa alama za vidole, nikaombwa uthibitisho wa undugu, nikatafuta hadi cheti cha ubatizo cha dada yangu. Sikuchukia hata kidogo. Nataka tu nyumba iliyomlaza ichunguzwe kwa ukali uleule.

Kanuni za wizara hiyo za 2024 zinasema makao yaliyonyimwa leseni yatimize vigezo vya jimbo lake hata hivyo, na ORR iyafuatilie kwa karibu zaidi. Nimezisoma, nimezipenda. Ila kwa sababu ya kanuni hizo, mwaka huohuo Jaji Dolly Gee, msimamizi wa makubaliano ya Flores, aliiondolea wizara sehemu kubwa ya masharti ya Flores, na hilo linanikosesha raha, maana kanuni ya wizara inaweza kubadilishwa na wizara.

Kama una mtoto huko sasa, mwandikie msimamizi wa kesi yake, utaje lugha yenyewe: Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru, usiseme "lugha ya Afrika". Mimi niliandika barua pepe tatu. Siku ya 41 ndipo mpwa wangu aliposomewa ile karatasi ya ukutani kwa Kiswahili.