Kura za 2022: namba za TV ama fomu 34A?

Mnakumbuka Agosti 2022, uchaguzi wa rais Kenya, vile tulikesha mbele ya TV? Stesheni moja inaonyesha Ruto yuko mbele, ukibadilisha chaneli unapata Raila ndo anaongoza, na wote wanasema wametoa namba kwa fomu za IEBC (tume ya uchaguzi), basi watu wakaanza oh hii ni stesheni ya fulani ile ni ya nani. Kumbe kila moja ilikua inajumlisha fomu tofauti kwa mpangilio wake, haziwezi fanana. Halafu hesabu zikapunguza kasi katikati, wasiwasi ukazidi.

Sasa fomu zenyewe, hizo 34A za matokeo ya urais ya kila kituo. IEBC iliziweka kwa portal, vituo zaidi ya 46,000, mtu yeyote alikua anafungua anaona kura za kila mgombea na sahihi za maajenti. Mimi nilitafuta ya kituo chetu nikalinganisha na picha niliyopiga ile iliyobandikwa mlangoni, zikalingana hadi kura ya mwisho, jamani nilitulia! Shida ni bando inaisha na peke yako huwezi kujumlisha zote, hapo TV inasaidia.

Lakini kwangu fomu inashinda mbali, na stesheni isiyoonyesha imehesabu fomu ngapi nahama.