Pa kulala pwani ya mashariki ya Unguja: tazama maji kabla ya chumba

Ndugu na marafiki wanaokuja Unguja kupumzika huniuliza nyumba gani ni nzuri na bei yake ni kiasi gani, nami huwajibu kwa kuwauliza wanakuja tarehe ngapi za mwezi mwandamo. Wengine hudhani ninakwepa swali, lakini katika pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe hadi Makunduchi, hakuna jambo linaloamua furaha ya mgeni kama kupwa na kujaa kwa maji. Anayelipia chumba bila kulizingatia anaweza kukaa siku nne akiitazama bahari kwa mbali.

Siku za bamvu, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu na siku chache zinazofuata, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4. Kwa kuwa pwani hii ina sakafu tambarare kutoka ufukweni hadi kwenye mwamba, maji yakitoka hutoka kwelikweli: Jambiani na Paje unaweza kutembea kilomita nzima kabla hayajakufika magotini. Siku hizo maji huwa yamekupwa takriban saa nne asubuhi na hujaa takriban saa kumi jioni. Siku za maji mafu, karibu na tarehe 8 na 22 za mwezi mwandamo, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, hupwa alasiri, na hayaendi mbali. Kwa hiyo anayetaka kuogelea kabla ya chakula cha mchana apange safari yake katika maji mafu, na anayependa kutembea juu ya mchanga mtupu na kuona maisha ya kupwani achague bamvu.

Nilijifunza hayo kwa kulipa. Mwaka mmoja nilikodi nyumba nzima kwa ajili ya familia, nikivutiwa na picha zilizoonyesha maji ya kijani yakigonga ngazi za baraza. Tulifika saa nne asubuhi, siku moja baada ya mwezi mpevu, watoto wakiwa tayari wamevaa nguo za kuogelea. Mbele yetu palikuwa na mchanga, madimbwi, safu za vigingi vya mwani, na akina mama walioinama wakikaza kamba huku maji yakiwafika kwenye vifundo vya miguu. Bahari yenyewe ilikuwa mstari mweupe kwenye mwamba. Picha zile hazikuwa za uongo. Zilipigwa saa kumi jioni, na mwenye nyumba hakuona haja ya kutuambia.

Kwa anayetafuta utulivu, nafasi ya kwanza ninaipa Jambiani bila kusita. Ni kijiji kirefu kilichojipanga kando ya ufukwe, na nyumba za wageni zimechanganyika na nyumba za wenyeji, kiasi kwamba alfajiri unaamshwa na adhana na baadaye kidogo unasikia watoto wakienda chuoni kusoma Kurani. Unaweza kununua maandazi dukani, kumuuliza mvuvi bei ya pweza akiwa bado ameinama kwenye ngalawa yake, na kurudi chumbani kwa miguu. Vyumba vipo vya kila kiwango, kuanzia nyumba ya kawaida yenye pangaboi na chandarua hadi hoteli ndogo yenye bwawa, na bwawa hilo lina faida kubwa kwa wenye watoto siku za bamvu. Kasoro ni mbili: maji hutoka mbali kuliko karibu kwingine kote, na katika baadhi ya nyumba maji ya bombani yana chumvi kwa sababu yanatoka kisimani. Kutoka mjini daladala namba 309 hukufikisha, ingawa hujaza watu na mizigo kabla ya kuondoka na safari huchukua muda mrefu kuliko gari la kukodi.

Nafasi ya pili ni Pongwe. Ghuba yake ni ndogo, imepinda kama kiganja, na maji hayaendi mbali kama Jambiani, hivyo saa za kuogelea ni nyingi zaidi. Ningeiweka ya kwanza kwa familia yenye watoto wadogo isipokuwa kwa jambo moja: malazi ni machache na mahali pa kula nje ya hoteli ni pachache zaidi, kwa hiyo utakula unapolala kwa bei watakayotaka. Uliza bei ya chakula cha usiku kabla ya kulipia chumba.

Matemwe, iliyo kaskazini zaidi, ninaiweka ya tatu, na kwa anayependa kupiga mbizi inapanda hadi ya kwanza, kwa kuwa kisiwa cha Mnemba na matumbawe yake viko mbele yake. Ufukwe ni mrefu na mweupe, na kijiji bado kina pumzi yake. Hata hivyo hoteli zimetawanyika, na bila usafiri wako utakuwa umefungwa hapo ulipo.

Michamvi Kae ni jambo la pekee. Iko upande wa ndani wa rasi, ikitazama magharibi kwenye ghuba ya Chwaka yenye mikoko, kwa hiyo hupata machweo juu ya maji na hukingwa na upepo wa kusi. Kuanzia Juni hadi Septemba, wakati upepo unapeperusha mchanga huko Bwejuu na Paje, hapa unaweza kukaa nje kwa utulivu. Ni mbali na mji na usafiri wa umma ni wa kusuasua, ndiyo sababu sikuipandisha juu zaidi.

Bwejuu ni ya tano, nzuri kwa wenye bajeti ndogo wanaoridhika na minazi na ukimya. Paje ninaiweka mwisho kwa makusudi, ingawa ni maarufu kuliko zote: vijana wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara wamejaa, muziki huchezwa hadi usiku wa manane, na anayetaka kulala mapema hatafurahi. Anayetaka kuogelea saa zote bila kujali mwezi aende Nungwi au Kendwa, kaskazini mwa kisiwa, akijua kwamba huko atakutana na watu wengi.

Kabla ya kutuma pesa, uliza neno “ufukweni” lina maana gani kwa nyumba hiyo, kwa sababu wapo wanaolitumia hata kama kuna barabara na viwanja viwili katikati. Uliza kama bei ina kodi zote na kifungua kinywa, na kama kuna jenereta umeme ukikatika. Mtanzania au mwenye kibali cha ukaazi adai bei ya mkaazi, ambayo hoteli nyingi huwa nayo lakini haziitaji mpaka uulize; kitambulisho ukibebe. Ndugu anayekuja na pasipoti ya kigeni akumbuke kwamba tangu Oktoba 1, 2024 analazimika kukata bima ya safari ya Zanzibar kwa dola 44, hata kama ana bima nyingine.

Katika masika, Aprili na Mei, hoteli kadhaa hufunga, na zilizobaki wazi hupunguza bei sana. Ukija kipindi hicho, chagua nyumba yenye baraza pana iliyoezekwa vizuri, kwa kuwa mvua ikianza asubuhi utashinda hapo, na muombe mwenyeji akutumie picha ya paa kwa ndani kabla hujalipa: makuti yanayovuja huacha madoa ya kahawia kwenye boriti.