TAHADHARI: Baiskeli za Raleigh za gia tatu zilizochomelewa habu, ukiambiwa "waya tu umelegea" usitume hela

Wakuu, salaam. Kuna muuzaji anapitisha Raleigh za zamani za gia tatu kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku nyanda za juu kusini. Anasema mzigo uko Mafinga, anapakia kwenye basi. Mimi kanipiga shilingi 280,000. Nimeshaongea na wenzangu wawili, mmoja yuko Njombe, mwingine Vwawa, wamepigwa kwa mtindo uleule, ndiyo maana nimeona nisikae kimya.

Picha zake zinavutia kweli. Baiskeli nyeusi imeegemezwa kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma, madigadi zinang'aa, halafu picha moja ya karibu ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu chenye gia ndani yake: Sturmey-Archer AW, aina ya gia tatu, imegongwa 58 na 7, yaani ganda la habu lilitengenezwa Nottingham, Uingereza, Julai 1958. Kicheni cha gia, kile kinachovutwa na waya kutoka kwenye usukani, kinaonekana kimechomoza kwenye ekseli. Nilipomuuliza kama gia zote zinaingia akajibu, "Zote zipo braza, waya tu umelegea, fundi yeyote anakaza dakika mbili." Akataka nusu kabla ya kupakia, na nusu nyingine basi likiingia Mbeya, kabla sijafungua mzigo. Nikatuma zote mbili. Namba yake sasa haipatikani.

Mimi hizi baiskeli nazitafuta kwa sababu ya milima yetu. Gia nyepesi ya AW inapunguza mwendo wa tairi kwa robo, na mguu unapata nafuu kwa kiasi hicho hicho. Ukipanda kutoka Uyole kuelekea Isyonje, robo hiyo ndiyo inayoamua kama utafika umekaa kwenye siti au unasukuma. Siku ya kwanza nilisukuma. Nikakaza waya, nikalegeza, nikakaza tena. Mkono wa gia kwenye usukani unasogea vizuri, mguuni hakuna tofauti yoyote.

Nikaipeleka kwa fundi wangu pale Soweto, tukaifungua pamoja. Grisi nzito ilikuwa imejazwa mpaka mdomoni, wakati habu hii inataka matone machache ya oili nyepesi kupitia kile kitundu chenye kifuniko. Tulipoifuta tukaona. Gia ndogo nne zinazozunguka katikati hazimo. Kipande chenye umbo la msalaba kinachobadilisha gia kimechomelewa kwenye gia kubwa ya mduara, kwa hiyo habu imebaki na mwendo mmoja tu. Na kile kicheni cha kwenye picha kilikuwa kimekatwa kwa ndani, kikagundishwa kwa gundi kwenye tundu la ekseli. Fundi alikivuta kwa koleo, kikatoka chenyewe na gundi yake. Iliniuma sana, maana hilo ganda ni halisi, na mtu ameliua makusudi. Kumbe tarehe iliyogongwa ni ya ganda tu, ya ndani haikuambii.

Sasa shikeni hili, maana uongo wake unapimika bila spana. Kwenye AW, waya ukilegea kabisa habu inakwenda yenyewe kwenye gia nzito, springi ya ndani ndiyo inayoisukuma. Kwa hiyo mtu akikwambia waya umelegea, mwambie aufungue kabisa. Inua gurudumu la nyuma, weka alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye sprokezi ya nyuma (ile ya meno inayozungushwa na mnyororo), kisha zungusha pedeli polepole, tairi lisije likakimbia peke yake. Sprokezi ikimaliza mzunguko mmoja, tairi lazima liwe limemaliza mmoja na theluthi. Likienda mmoja kamili, sawasawa na sprokezi, hapo tatizo si waya kulegea, gia za ndani hazifanyi kazi. Ukirudisha waya na kuukaza vizuri, gia ya kati inatoa mzunguko mmoja kwa mmoja, na nyepesi inatoa robo tatu.

Tega na sikio. AW nzima ukiwa gia ya kati au nzito inalia tik tik taratibu wakati unakanyaga, na kwenye nyepesi inanyamaza. Yangu ilikuwa kimya muda wote wa kukanyaga, nami nikadhani imetunzwa vizuri.

Kama muuzaji yuko mbali, akutumie video ya kipimo cha chaki, waya ukiwa umefunguliwa na uso wa habu ukionekana. Mwenye mali halali anaifanya kwa dakika tano. Wa kwangu nilimwomba video ya kawaida tu akasema simu yake haina bando, nami nikamwamini.

Zile gia ndogo nne nadhani zinauzwa pembeni kama spea. Kila moja ina meno 20. Mtu akikuletea nne kwenye kifuko, mwulize zimetoka kwenye habu gani, na umwombe akuonyeshe hiyo habu. Nami niandikieni, bado nazitafuta.