iNaturalist mfukoni mwa muuza asali wa Tabora: nyota nne

Nauza asali, Ng'ambo, Tabora mjini. Naifuata Sikonge kwa wafugaji wenyewe, naichuja, naipeleka Dar kwa ndoo. Zamani mteja aliuliza tu kama ni ya nyuki wadogo au wakubwa. Siku hizi anataka kujua nyuki walitembelea ua gani, na ukibabaika anahamia kwa mwingine. Ndiyo maana nikapakua iNaturalist, na sasa nimemaliza nayo msimu mzima.

Kwa asiyeijua: unapiga picha mti, mdudu au uyoga, programu inakupa makisio, halafu watu wengine popote walipo wanakubali au wanapinga. Ilianza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni ya bure. Msituni kusikoshika mtandao unapiga picha na kuhifadhi, unapandisha ukirudi mjini. Kwangu hilo ni kubwa, maana kufika kwenye mizinga ya babu ninayenunua asali kwake ni saa nzima ya baiskeli, na bando huko ni pambo tu.

Siku ya kwanza niliupiga mti mzima kwa mbali, kama ninavyopiga watu harusini. Kosa langu. Mtu mmoja nisiyemjua akaniandikia kwa upole: jani kwa karibu, gome, na tunda kama lipo. Nikarudi. Babu alicheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, unaiuliza simu jina la mti uliokupa kivuli?" Akachuma vikonyo viwili, akanilazia kiganjani. Kwa macho yangu vilikuwa kitu kimoja. Akaniambia nitazame majani madogo yalivyokaa mawili mawili: huu majani makubwa kuliko yote yako mwisho wa kikonyo, huo ni mtundu, huu makubwa yako katikati, huo ni muba. Miaka tisa nauza asali yao na sikuwahi kulitazama hilo.

Nikapiga picha vyote viwili juu ya kiganja. Majibu yakaja: Brachystegia spiciformis na Julbernardia globiflora. Babu alikuwa ameshajibu kabla ya mtandao, ila sasa mimi nina jina ambalo mnunuzi wa nje naye analielewa.

Kisha babu akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. "Hiyo picha inaonyesha na mahali? Basi mwizi ataifuata mizinga yangu." Kweli, picha huenda na ramani yake. Nilikaa chini nikachokonoa mipangilio, nikakuta unaweza kuchagua mahali pafichwe, na alama ikadondoka popote ndani ya eneo la upana wa kilomita ishirini na kidogo. Au unaficha kabisa. Mfugaji yeyote atakayejaribu, aanzie hapo kabla ya picha ya kwanza. Wezi wa asali wana simu pia.

Uyoga sasa. Mvua zikianza Tabora tunakula uyoga hasa, na nimeshaona kijana akitaka kuuhakiki kwa simu kabla ya kuupika. Usithubutu. Makisio ni makisio. Waulize akina mama wanaouuza barabarani, wanaoujua tangu utoto.

Nyota moja nimeibana kwa sababu ya majina. Anayetaka kuona "muba" au "mtundu" asitegemee kuyakuta yamejaa humo. Dawa ipo: mwenye akaunti anaweza kuongeza jina la lugha yake, kwa hiyo lawama nyingine ni yetu sisi wenye majina na tusioyaandika. Lingine ni la simu yangu, si la programu: ukipiga picha kutwa, ifikapo saa tisa chaji imekwisha. Beba pawabenki.

Chupa za mavuno yajayo zitakuwa na lebo mpya. Babu ameshatoa sharti: jina la Kizungu liwe chini, kwa herufi ndogo, na MUBA iwe juu, isomeke hata na mtu aliyesahau miwani.