Kupandisha seva ya maktaba kutoka Debian 10 hadi 12 ndani ya VirtualBox: uzoefu wangu

Ninasimamia mfumo wa maktaba katika chuo cha kati hapa Tanzania. Mfumo wenyewe ni Koha, na kwa miaka kadhaa umekuwa ukiendeshwa juu ya Debian 10, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, ndani ya mashine pepe ya VirtualBox (programu inayoigiza kompyuta kamili ndani ya kompyuta nyingine), kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisi. Debian 10 ilitoka Julai 2019, na hata ule msaada wa muda mrefu unaotolewa na kundi la LTS ulikoma tarehe 30 Juni 2024. Tangu hapo matundu ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi tena, ilhali seva hiyo inatunza majina, namba za simu na historia ya uazimaji ya wanafunzi wote. Ilikuwa lazima ipandishwe, na ipandishwe bila kupoteza hata rekodi moja ya mwanafunzi. Ninayoyaandika hapa ni tathmini ya VirtualBox kwa kazi hiyo tu. Kama mtu anaitafuta kwa ajili ya michezo au kwa kujifunzia, atapata maelezo mengine mengi.

Anayezungumzia usalama ndani ya VirtualBox kwa kawaida huanza na snapshoti, na ni kweli kwamba ni kipengele kizuri. Unapochukua snapshoti, faili la diski la mashine pepe huachwa lilivyo, na kila kinachoandikwa baada ya hapo huenda kwenye faili jingine la tofauti. Ukitaka kurudi nyuma, faili hilo la tofauti hutupwa na mfumo unaamka ukiwa kama ulivyokuwa. Hata hivyo, kwa seva yenye watumiaji, ulinzi huo una muda wake. Asubuhi mwanafunzi wa kwanza akiazima kitabu, snapshoti ya jana usiku imekwisha kuwa ya zamani, na siku utakayogundua hitilafu baadaye na kurudi nyuma, utafuta pia kila kitabu kilichoazimwa na kila kilichorudishwa katikati. Zaidi ya hayo, snapshoti hutegemea faili la diski lile lile la awali. Likiharibika hilo, hakuna kinachobaki. Ndiyo maana nimeipa heshima kubwa zaidi huduma nyingine ya VirtualBox ambayo haitajwi sana, yaani uwezo wa kutengeneza nakala pacha kamili ya mashine nzima na kuifanyia kazi yote kwanza, mwanzo hadi mwisho, huku ile halisi ikiendelea kuhudumia wasomaji.

Katika kutengeneza pacha, VirtualBox inauliza kama unataka nakala kamili au nakala iliyounganishwa na ya awali. Chagua kamili, ingawa inakula nafasi zaidi. Inauliza pia kuhusu anwani za MAC (namba za utambulisho) za kadi za mtandao, na hapo ni vyema kukubali zitengenezwe mpya. Kisha, kabla ya kuiwasha pacha hata mara moja, fungua mipangilio yake ya mtandao, ihamishe kutoka hali ya Bridged (inapoonekana kama kompyuta kamili kwenye mtandao wa ofisi) kwenda NAT (inapojificha nyuma ya kompyuta mwenyeji), na uondoe alama kwenye kisanduku kinachosema kebo imeunganishwa. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu Koha ina kazi zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba, na mojawapo ni kuwatumia wasomaji barua pepe za kuwakumbusha vitabu vilivyopitiliza muda. Pacha haijui kuwa ni pacha. Ikiamka ikiwa na mtandao, itawaandikia wanafunzi walewale barua zilezile, na kama seva yako ina anwani ya IP isiyobadilika itagombea anwani hiyo na seva halisi. Mimi niliiwasha ikiwa imekatwa mtandao, nikatoa amri ya koha-email-disable kwa jina la maktaba yetu, nikasimamisha cron, inayoendesha kazi za ratiba, nikabadilisha mipangilio ya anwani ipokee kutoka NAT, ndipo nikarudisha kebo. Kisanduku kile kidogo cha kebo kinafanya kazi hata mashine ikiwa inaendelea kukimbia, na kwa maoni yangu kinatosha kuipa VirtualBox alama ya juu.

Debian hairuhusu kuruka toleo, kwa hiyo safari ilikuwa kutoka 10 kwenda 11, kisha 11 kwenda 12. Katika faili la sources.list, linaloorodhesha hazina za kushushia vifurushi, wengi hubadilisha neno buster (jina la Debian 10) kuwa bullseye (la Debian 11) kila mahali na kudhani wamemaliza, lakini mstari wa masasisho ya usalama una muundo tofauti: katika Debian 10 uliandikwa buster/updates, na kuanzia Debian 11 unaandikwa bullseye-security. Ukiacha muundo wa zamani, apt, programu ya kusakinisha vifurushi, italalamika kuwa haioni hazina hiyo, na asiyesoma ujumbe kwa makini atabaki na mfumo mpya usiopokea masasisho ya usalama, yaani lile lile tulilokuwa tunalikimbia. Katika hatua ya kwenda 12 kuna sehemu mpya ya hazina iitwayo non-free-firmware, yenye programu za kuendeshea vifaa, ambayo ni muhimu kwa kompyuta halisi, lakini ndani ya mashine pepe haina uzito.

Kabla ya kupandisha chochote niliendesha apt -s full-upgrade, ambayo huigiza tu bila kugusa kitu, na nikaisoma orodha ya vifurushi vitakavyoondolewa jina kwa jina. Humo nilikuta koha-common, kifurushi cha Koha yenyewe. Debian inashauri hazina za nje zizimwe wakati wa kupandisha, nami nilikuwa nimeizima ya Koha. Kwa hali hiyo baadhi ya vitegemezi vya Koha (vifurushi inavyovihitaji) havikupatikana, na apt ikaamua kuiondoa. Nikairudisha hazina ya Koha ikiwa imeelekezwa kwenye toleo linalokubali Debian zote mbili, nikaigiza tena, na jina hilo likatoka kwenye orodha. Hayo yote yalitokea ndani ya pacha, mchana, dirisha la pembeni likionyesha mkutubi anavyoendelea kupokea vitabu kwenye seva halisi. Huo ndio utulivu ninaousifu.

Suala la bando nalo linastahili neno, kwa kuwa kupandisha matoleo mawili kunashusha vifurushi vingi, na si kila ofisi ina intaneti isiyo na kikomo. Unaweza kushusha mara moja tu. Amri ya apt hufuta vifurushi ilivyovishusha mara inapomaliza kuvisakinisha, lakini apt-get huviacha katika /var/cache/apt/archives. Kwa hiyo kwenye pacha tumia apt-get, na kabla ya siku ya kazi halisi nakili mafaili yale ya .deb kwenda kwenye folda ile ile ya seva halisi. Apt itayakuta, itayahakiki, na itashusha yale tu yaliyobadilika tangu hapo.

Katikati ya usakinishaji mfumo husimama na kuuliza kama faili fulani la mipangilio libaki lako au lichukuliwe jipya la Debian. Kwangu iliuliza kuhusu 50-server.cnf ya MariaDB, programu ya kanzidata, kwa sababu tulikuwa tumeongeza mipaka ya kumbukumbu humo. Ukibonyeza D unaonyeshwa tofauti za mistari, na hapo ndipo pa kutulia. Nilibakiza letu, na katika daftari nikaandika kila swali na jibu lake, ili siku ya seva halisi pasiwe na swali geni. MariaDB yenyewe ilitoka 10.3 ikaenda 10.5, kisha 10.11, na kerneli (kiini cha mfumo) ikatoka 4.19 hadi 6.1. Kama umesakinisha Guest Additions (viendeshi vya VirtualBox vinavyowekwa ndani ya mashine pepe) za zamani, folda za pamoja zinaweza kugoma kwa kerneli mpya mpaka uzisakinishe upya, basi usihangaike kutafuta kosa kwingine.

Seva halisi niliipandisha mwishoni mwa wiki, maktaba ikiwa imefungwa. Nilianza na koha-dump, ambayo huweka kanzidata na mipangilio ndani ya /var/spool/koha, nikazima mashine kabisa, nikaihamisha yote kuwa faili la .ova kwenye diski ya nje, na mwisho nikachukua snapshoti ikiwa imezimwa ili kanzidata isikamatwe katikati ya kuandika. Baada ya kupandisha nilijenga upya faharasa ya utafutaji kwa koha-rebuild-zebra -f, nikalinganisha idadi ya rekodi za vitabu na za wanachama kabla na baada, nikatafuta vitabu kwa majina, kisha mkutubi akaazimisha na kurudisha kitabu kwa skana ya msimbo pau. Kila kitu kilikwenda kama kwenye pacha.

Kuna mambo ya kuangalia. Snapshoti huvimba haraka wakati wa kupandisha, na kuifuta baadaye kunaunganisha mafaili, kazi inayochukua muda mrefu kwenye diski ya kuzunguka na inayohitaji nafasi. Nafasi ya kompyuta mwenyeji ikiisha, VirtualBox husimamisha mashine na kusubiri, jambo ambalo ni afadhali kuliko kuharibu diski, lakini asiyekuwepo karibu atakuta huduma imelala. Kwenye Windows yenye Hyper-V (mfumo wa Microsoft wa mashine pepe) iliyowashwa, utaona ikoni ya kobe chini ya dirisha, na kasi hupungua waziwazi. Programu ya msingi ni ya bure chini ya leseni ya GPL, lakini kile kifurushi cha nyongeza kiitwacho Extension Pack kina leseni yake: ni bure kwa matumizi binafsi na ya kielimu, na kampuni inatakiwa kulipia. Kazi niliyoieleza haikukihitaji.

Kwa taasisi yenye kompyuta iliyotengwa kuwa seva tu, ningependekeza KVM, mfumo mwingine wa mashine pepe, badala yake, kwa sababu inaishi ndani ya kerneli ya Linux na haitegemei mtu aliyeingia kwenye Windows. Kwa ofisi kama yetu, ambako kompyuta hiyo hiyo inaandikiwa barua na kuchapishiwa fomu, VirtualBox inatosha, na toleo la 7 limekuwa tulivu kwangu. Debian 12 ina msaada wa muda mrefu hadi Juni 2028. Pacha ya mazoezi sijaifuta. Nimeikata mtandao tena, na sasa ndiyo ninayojaribia kila sasisho la Koha kabla halijafika kwa wasomaji.